Benchi la kituo cha afya: ukae wapi, na lini usikae



Ukifika kituo cha afya, mara nyingi unaonana na benchi kabla ya kumwona muuguzi. Utakaa hapo saa moja, mbili, siku nyingine hata nne. Kwa hiyo inafaa ulifahamu vizuri, maana liko benchi linalokupumzisha na liko linalokuongezea maumivu. Tena uko wakati ambapo hupaswi kukaa benchini hata kidogo. Hilo ndilo jambo kubwa katika makala hii, nalo tutalifikia.

Wenzetu waliotoka ufukwe wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kabezi hadi Rumonge na Nyanza-Lac, wanajua viti vya aina nyingi. Nyumbani kuna intebe. Mvuvi wa ndagala hukalia ubao wa mtumbwi. Mwanafunzi hukaa kwenye benchi lililounganishwa na meza, yeye na wenzake wawili au watatu. Aliyewahi kufika Zanzibar au Lamu ameona baraza, yaani benchi la mawe na chokaa lililojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, ambalo hakuna mwizi awezaye kulibeba. Lakini hapa kambini tunalo zaidi lile la mbao: ubao mrefu, miguu minne na misumari.

Benchi hilo ni rahisi kutengeneza. Tatizo ni kwamba mbao za mikaratusi zikipigiliwa zingali mbichi, zinapokauka hupinda na kupasuka, kisha misumari hutokeza. Msumari unaokuchoma paja unaweza kukuletea pepopunda, kwa sababu vijidudu vya ugonjwa huo hukaa katika udongo na kinyesi cha wanyama, na huingia mwilini kupitia kidonda, hata kilicho kidogo. Ukichomwa, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, halafu muulize mhudumu wa afya kama unahitaji chanjo. Na ukiona msumari umetokeza, usihamie upande wa pili na kumwachia mwenzako. Toa taarifa ugongwe.

Benchi lisilo na egemeo halimsumbui kijana. Linamsumbua mama mjamzito, mama anayenyonyesha, na mzee. Hao waachieni sehemu iliyo karibu na ukuta ili wapate pa kuegemeza mgongo. Nyayo pia zifike chini. Miguu ikining'inia kwa muda mrefu, ukingo wa ubao hubana mapaja kwa chini na miguu huvimba. Mama mjamzito asimame mara kwa mara atembee kidogo. Mwenzake amshikie nafasi.

Kuna pia kiti chenye tundu katikati, ambacho huwekwa juu ya shimo la choo kwa ajili ya mzee au mlemavu asiyeweza kuchuchumaa. Fundi seremala yeyote anaweza kukitengeneza. Wengi wanaona haya kukiomba, na wapo wazee wanaopunguza kula na kunywa ili wasiende chooni. Tafadhali, watoto na wajukuu, msisubiri mzee aseme mwenyewe.

Sasa tuje kwenye magonjwa. Watu wengi huogopa kukalia mahali alipokaa mgonjwa wa kifua kikuu. Ugonjwa huo hauambukizwi kwa kukalia ubao. Huambukizwa kwa hewa, mgonjwa anapokohoa katika chumba kilichofungwa. Ndiyo maana wenye kikohozi huambiwa wakae kwenye benchi la nje, penye upepo. Si adhabu wala dharau. Kama umekohoa wiki mbili au zaidi, mwambie mhudumu mapema, na ufunike mdomo kwa kitambaa au kiwiko. Kipindupindu ni tofauti. Matapishi na kinyesi cha mgonjwa yakimwagika benchini, usifute kwa mkono au kanga yako. Mwite mhudumu, atasafisha kwa dawa ya klorini iliyopimwa.

Tusisahau kwamba benchi linaweza hata kutibu. Mwaka 2006 huko Mbare, mjini Harare, daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe aliwafundisha akina bibi kuketi na watu wenye huzuni na mawazo mengi kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, kuwasikiliza na kutafuta nao njia. Matokeo ya utafiti uliochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu zaidi ya wale waliopata huduma ya kawaida. Baadaye mpango huo ulifika hadi Malawi na Zanzibar. Kwa hiyo ukimwona mwenzako amekaa peke yake, kaa naye.

Lakini wako wasiopaswa kusubiri zamu. Kuanzia mwaka 2006 huko Kabezi, kusini mwa Bujumbura, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilihudumia akina mama wenye uzazi wa hatari, usiku na mchana. Mama aliyepata shida katika kituo kidogo hakuachwa benchini. Kituo kiliita gari la wagonjwa, naye akapelekwa kupasuliwa au kuongezewa damu. Mwaka 2012 shirika hilo lilieleza kwamba, kwa makadirio yake, vifo vya akina mama katika eneo hilo vilipungua kwa kiasi cha asilimia 74. Dawa zilihusika, na madaktari pia, lakini kuwahi kulikuwa na sehemu kubwa.

Kwa hiyo, mama mjamzito anayetoka damu, anayepata degedege, anayeumwa sana kichwa huku macho yakiona ukungu, au ambaye chupa imevunjika, asikae kwenye foleni. Vivyo hivyo mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, anayepumua kwa shida, au aliyelegea asiyeamka vizuri. Mpeleke moja kwa moja kwa muuguzi. Ninyi mlio mbele, mpisheni. Kama ni usiku na mlinzi yuko peke yake langoni, mwambie hivi: "Huyu hawezi kungoja, mwite muuguzi sasa."