Simu ya video kutoka melini na hatima ya silabi ya kwanza

Hapa Londiani bahari ni kitu cha kuhadithiwa. Tuko zaidi ya mita 2,000 juu yake, katika baridi ya msitu, mlangoni mwa nchi ya chai. Hata hivyo, siku hizi si ajabu kukuta boma lenye mtoto aliyeajiriwa katika meli za kitalii, zile zinazozunguka Karibi au Mediterania, akitandika vitanda au akipika. Jioni simu inaegemezwa kwenye themosi ya chai, wazazi wanajisogeza, na kijana anatokea kwenye kioo akiwa na sare yake. Nimeyasikiliza mazungumzo ya namna hii kama jirani na kama mwalimu wa Kiswahili, na nimegundua kwamba kutoelewana kwingi hakuji picha inapoganda. Picha ikiganda kila mtu anajua kuna tatizo. Kutoelewana huja picha ikiwa safi kabisa.

Chukua mfano huu. Mama anauliza: "Utatuma karo ya mdogo wako?" Kijana anatazama tu. Kimya. Halafu: "Ndiyo mama, nitatuma." Simu ikikatwa mama anageuka: "Mmeona vile amefikiria kwanza?" Kijana hakufikiria chochote, alijibu papo hapo. Jibu lake ndilo lililokuwa bado liko njiani.

Njia yenyewe ni ndefu. Meli haiwezi kuburuta kebo, kwa hiyo wifi yake hutegemea setilaiti. Setilaiti za jadi za mawasiliano huelea kilomita 35,786 juu ya ikweta, mahali ambapo huzunguka sambamba na dunia na kuonekana kama zimesimama. Mawimbi ya redio husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kupanda hadi kwenye setilaiti na kushuka hadi kwenye kituo cha nchi kavu ni kama kilomita 72,000, yaani karibu robo sekunde. Swali la mama hula robo hiyo, jibu nalo hula robo yake, na tayari nusu sekunde imekwenda kabla hatujahesabu muda ambao programu hutumia kubana picha na kuifungua upya. Wazee waliopiga simu za ng'ambo kupitia kituo cha setilaiti cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka wa 1970, wanaukumbuka ucheleweshaji huu. Nchi kavu tuliusahau baada ya kebo za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka wa 2009. Wa melini wamebaki nao.

Ni kweli kuna setilaiti mpya za Starlink zinazoruka kilomita 550 hivi tu kutoka ardhini, na kampuni ya Royal Caribbean ilitangaza mwaka wa 2022 kwamba itaziweka katika meli zake. Kwa hizo, safari ya mawimbi ni fupi mno. Lakini meli ni mji. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024, ina wafanyakazi wapatao 2,350, na abiria ni zaidi ya maradufu ya hao. Wote wakifungua simu usiku mmoja, data hupanga foleni, na foleni ni ucheleweshaji vilevile. Aidha, mfanyakazi si mgeni aliyelipia chumba chenye roshani: bando lake mara nyingi ni la kununua. Marekebisho ya mwaka wa 2022 ya Mkataba wa Kazi za Baharini, yaliyoanza kutumika tarehe 23 Desemba 2024, yanawataka wenye meli wawape mabaharia intaneti kadiri inavyowezekana, na bei, kama ipo, iwe ya kadiri. "Kadiri" ni neno lenye mifuko mingi.

Sasa turudi kwenye lugha. Mwaka wa 1974 Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson walichapisha katika jarida la Language makala iliyoonyesha kwamba mazungumzo ya kawaida huendeshwa kwa zamu, na kwamba wasemaji hupokezana zamu hizo kwa ustadi usiofundishwa na yeyote. Mwaka wa 2009 Tanya Stivers na wenzake walipima lugha 10, kuanzia Kijapani na Kidenmaki hadi lugha ya Haiǁom ya Namibia, wakakuta kwamba pengo kati ya swali la ndiyo au hapana na jibu lake ni takriban moja ya tano ya sekunde kwa wastani. Kiswahili hakikuwamo. (Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada, hii hapa, na vifaa ni simu tu.) Jefferson naye alikuwa amependekeza mwaka wa 1989 kwamba kimya cha karibu sekunde moja ndicho upeo wa kawaida ambao wazungumzaji huvumilia kabla ya mmoja wao kuona haja ya kukivunja.

Jumlisha basi. Moja ya tano ya sekunde ya kawaida, nusu sekunde ya setilaiti, na kidogo cha programu: tunaukaribia ule upeo. Na wachunguzi wa mazungumzo wanajua jambo jingine ambalo mama wa Londiani analijua bila kusoma: anayekubali hujibu haraka, anayekataa huvuta. Kimya kifupi kabla ya "ndiyo" huifanya ndiyo hiyo inuke hapana. Utafiti wa Katrin Schoenenberg na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 2014, ulionyesha kwamba laini inapochelewesha sauti, watu humhukumu mwenzao kuwa hana makini. Hawailaumu laini. Wanamlaumu mtu.

Kiswahili chetu huongeza ugumu hapa, maana salamu zetu ni msururu wa jozi fupifupi. "Habari ya huko?" "Mzuri tu, na nyinyi?" "Sisi tuko." "Watoto?" "Wako." "Ng'ombe?" "Wako pia." Ana kwa ana huu ni mchezo wa kurushiana mpira. Kwenye setilaiti, anayesubiri anahisi mpira umeanguka, anarusha mwingine, na papo hapo wa kwanza unamfikia usoni. "Unaniskia?" "Nzuri!" "Eti?" "Naskia!" Halafu kuna vile vitikio vyetu vya kumtia moyo msemaji: ee, mmh, haya, kumbe. Msikilizaji wa Kiswahili asiyevitoa anaonekana amenuna. Melini vitikio hivyo vinafika vikiwa vimechelewa, juu ya sentensi nyingine, na msemaji ananyamaza akidhani anakatizwa.

Migongano hiyo ndiyo inayotuleta kwenye silabi ya kwanza, na hapa naomba msomaji avumilie sarufi kidogo. Watu wawili wanapoanza kusema kwa pamoja, programu nyingi za simu hupunguza sauti ya upande mmoja ili kuzuia mwangwi. Vilevile, baada ya kimya, programu huchukua sehemu ndogo ya sekunde kutambua kwamba mtu ameanza kusema. Matokeo ni kwamba mwanzo wa kauli humezwa. Katika lugha nyingine kinachomezwa huenda ni neno lisilo na uzito. Katika Kiswahili, mwanzo wa kitenzi ndipo anapokaa mtenda, na ndipo unapokaa ukanushi.

Tazama yanayotokea tukikata silabi ya kwanza ya vitenzi vya kukanusha. Hatushuki bandarini, ukiikata inabaki "tushuki". Haijakaa vizuri, lakini ile i ya mwisho inakupa habari kwamba kuna hapana mahali fulani. Hatukushuka inabaki "tukushuka": ku imebaki kutoa ushahidi. Hatujashuka inabaki "tujashuka": ja nayo iko kazini. Wakati uliopo, uliopita na hali timilifu, zote zina kinga ya pili. Lakini hatutashuka? Inabaki "tutashuka". Sentensi kamili, sanifu, yenye maana iliyo kinyume kabisa. Wakati ujao hauna kinga: ta ni ileile, na irabu ya mwisho ni ileile. (Hali ya nge ina udhaifu huohuo: hatungekuja hugeuka tungekuja, ingawa huko sarufi imetupa njia nyingine, tusingekuja.)

Na wakati ujao ndio wakati wa ahadi. Ni wakati wa karo, wa mshahara, wa kurudi nyumbani Desemba. Kijana anasema "Hatutalipwa mwezi huu", Londiani wanasikia "Tutalipwa mwezi huu", na ng'ombe anakopewa lishe dukani. Nafsi ya kwanza umoja ina shida yake pia: nitatuma na sitatuma zikikatwa kichwa zote zinabaki "tatuma", na msikilizaji anajijazia silabi anayoitamani. Hatatuma, ya mtu mwingine kabisa, inaingia chungu hichohicho, kwa sababu katika usemi wetu wa haraka nitatuma tayari ni "ntatuma".

Watu wamejitafutia dawa bila kumngoja mwanaisimu. Nimesikia wakisema "Hatutalipwa, hapana", au "Mwezi huu malipo hakuna", wakiuweka ukanushi mwishoni ambako hauliwi. Nilipousikia mtindo huo mara ya kwanza nilicheka, kwa kuwa unanikumbusha Kisetla, kile Kiswahili cha mashamba ya walowezi, ambamo hapana ilisimama peke yake mbele ya kitenzi kama kisiki: "mimi hapana kuja". Walimu wetu walikidhihaki, na kwa sarufi walikuwa na haki. Lakini ukanushi wa silabi tatu hauliwi upesi na programu. Sisemi tukirudie. Nasema msemaji wa "hatutalipwa, hapana" hajaharibu lugha: ameweka kufuli la pili, kama ku na ja zinavyofanya kwingine.

Neno je nalo linastahili kurudishwa kazini. Katika mazungumzo ya huku bara tumeliacha, tunauliza kwa kupandisha sauti tu: "Umekula?" Laini mbovu huisawazisha sauti na swali linageuka taarifa. "Je, umekula?" lina faida mbili: linatangaza swali, na likimezwa, linakuwa limemezwa lenyewe badala ya kitenzi. Kwa maneno mengine, je ni silabi ya kutoa sadaka. Hata jina la mtu hufanya kazi hiyo, na "mama" mwanzoni mwa jibu hufanya vizuri zaidi: "Mama, hatutashuka."

Kuhusu kumaliza zamu, walinzi na polisi wenye redio wana "ova" yao. Nyumbani inasikika kama amri, na sijui mama atakayeikubali kutoka kwa mwanawe. Sema inatosha. "Karo imefika shuleni, mwalimu amepokea. Haya, sema." Anayesikia sema anajua zamu ni yake, na anayeitamka anajua atanyamaza hata kama kimya kitarefuka.

Mwisho, neno wifi lenyewe. Pwani na Tanzania wifi ni dada ya mume au mke wa kaka. Huku kwetu wengi husema shemeji tu, kwa hiyo kijana wa Londiani anayelala chumba kimoja na mwenzake wa Mombasa hushangaa anapochekwa kwa kulalamika kuhusu wifi. Upatanisho wa kisarufi huwatenganisha hao wawili bila taabu: wifi yangu amekasirika, wifi yangu imekatika. Tatizo ni kwamba kwenye laini ya meli, hiyo a na hiyo i zote ni silabi za kwanza.