Tangi Safi, Samaki Wafu

Wahenga walinena kuwa mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mimi niliupuuza usemi huo hapa Lukenya, nikawatia tilapia ishirini katika tangi jipya siku ile ile nilipolijaza maji. Juma moja baadaye, nusu yao walikuwa wafu.

Maji yalikuwa maangavu, lakini yalijaa sumu. Kinyesi cha samaki huleta amonia. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha nitrati, yenye madhara machache. Bakteria hao huhitaji majuma kadhaa kustawi.

Jirani alinishauri nimwage maji yote na kuyasugua mawe ya chujio. Nilikataa, kwani humo ndimo bakteria hukaa. Nilipunguza chakula, nikabadilisha robo ya maji kila siku. Yaliyotoka niliyanyweshea sukumawiki, maana huku maji hununuliwa kwa lori. Waliosalia wakapona.

Mwaka 2009 Serikali ilipowahimiza Wakenya kufuga samaki, wengi waliitikia. Anayetuhimiza kufuga na atufundishe pia kungoja. Mkulima maskini hana vifaranga vya kujifunzia.