Kidole kuunganishwa ni mwanzo, kazi ni mazoezi

KIDOLE kilichokatwa na msumeno au mashine ya kukata majani ya ng'ombe kikiunganishwa, wengi hudhani shida imekwisha. Sivyo. Tangu 1965, madaktari wa Japani walipofaulu kurudisha kidole gumba kilichokuwa kimekatika kabisa, imejulikana kwamba kidole chaweza kuwa hai na bado kisimfae mwenyewe.

Siku za kwanza, hatari kubwa ni damu kukosa kupita. Kidole kikiwa cheupe na baridi, damu haiingii. Kikiwa cha zambarau na kimevimba, damu haitoki. Mwite muuguzi papo hapo. Weka mkono juu ya mto na usiulalie. Usivute sigara wala usikae karibu na anayevuta, kwani nikotini hubana mishipa ya damu.

Mfupa huhitaji wiki kadhaa kushikana. Wakati huo kano zilizoshonwa zaweza kugandamana na nyama iliyo karibu, kidole kikakauka kama kijiti. Ukikikunja mapema mno, kano zitakatika, ukichelewa, hakitakunjika. Ndiyo sababu usianze mazoezi mpaka daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo akuonyeshe mwendo na siku ya kuanza. Akikuruhusu, fanya kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

Mishipa ya fahamu hukua polepole zaidi, takriban milimita moja kwa siku. Kwa hivyo ganzi yaweza kudumu miezi mingi. Jihadhari na jiko na sufuria ya moto, maana utaungua bila kuhisi. Hisia zikianza kurudi, kidole huwasha na kuchomachoma. Jeraha likiwa limefunga, kizoeshe kwa kukipapasa na pamba, kisha kitambaa kigumu, kisha kukichovya katika bakuli la mchele mkavu. Baridi nayo huuma, hata mwaka mmoja au miwili baadaye. Vaa glavu.

Usiache kliniki kwa sababu kidonda kimefunga. Muulize daktari ni lini utaweza kubeba mzigo na kurudi kazini. Huenda kidole kisikunjike kama zamani, lakini kikiweza kushika kijiko na kufunga kifungo cha shati, taabu yako haikupotea bure.