Bologna: Tao Yenye Malando Walijenga Juu ya Barabara

Kama ushawahi ishi Pipeline, Bologna ya Italia haiwezi kukushtua. Pale Embakasi lando akiishiwa na ploti chini, anatokeza balkoni huko juu mpaka jua inasahau njia. Sasa malando wa Bologna walicheza hiyo mchezo kitambo, miaka ya 1100 na kitu, na waliicheza juu ya wasee wa kampo tu.

Chuo ya huko inahesabu umri wake kutoka 1088, na Ulaya yote hakuna chuo imeishinda. (Fez na Kairo wako na zao za zamani kuliko hiyo, lakini wacha Wazungu wafurahie.) Wasee walikuwa wanatoka Ujerumani, Uingereza, Ufaransa, wanakuja kusoma sheria, na hakuna pa kulala. Lando akanusa munde. Akasukuma vyumba za juu zikatokeza barabarani, zikianza kulemea anasimamisha miti chini zishikilie. Gava ya tao badala ya kuleta tingatinga ikaona hiyo kitu inasaidia. 1288 ikatoa sheria: ukijenga nyumba mpya, lazima uache njia ya kupita chini yake, na iwe juu ya kutosha msee apite na farasi bila kugonga kichwa. Kurekebisha ni kazi ya lando, kupita ni haki ya kila mtu. Hizo njia ndio wanaitanga portici. Ukiziunganisha zote sai unapata kama kilomita 62, na 2021 UNESCO ikaweka baadhi yazo kwa listi yake. Mvua ikinyesha unatoka stesheni mpaka darasani na njumu zako bado ni safi. Na kama unataka kuona zile za kwanza zilikaaje, ishia Strada Maggiore ucheki Casa Isolani. Bado imeshikiliwa na mbao ndefu za miaka ya 1200.

Lakini kitu yenye watalii hawaambiwangi ni hii: wale wasee wa kampo hawakuwa mafala. Wao ndio walikuwa wanaandika malekchara kazi. Lekchara akichelewa, faini. Akihepa darasa, faini ingine. Na renti je? Kulikuwa na jopo, wasee wa tao upande huu na wasee wa kampo upande ule, wanakaa chini wanasema keja hii ni ya pesa ngapi. Lando akijifanya mjanja, keja yake inapigwa marufuku na hakuna msee anaingia. Na tao ikileta kisirani, mbogi inatishia kuhama na chuo yote, juu chuo hakikuwa majengo, kilikuwa wao. 1222 kuna wenye walihama kweli, wakaenda Padova. Padova kuwa na chuo hadi wa leo ni juu ya hiyo hasira.

Sai mchezo umegeuka, na wewe msee unatoka Nairobi na barua yako ya Erasmus unafaa kujua hivyo kabla ya kununua tiketi. Hiyo programu ya kubadilishana wanafunzi ilianza 1987 ikiwa ya Wazungu kwa Wazungu, halafu kutoka 2015 ikafungulia pia vyuo za nje ya Ulaya, bora chuo yako iwe na mkataba na ile ya huko. Karo ya huko haulipi. Stipendi unapewa. Iko poa. Shida ni kwamba stanza singola, yaani rum yako peke yako ndani ya keja ya kushare, ni kama euro 500 kwa mwezi, na mara mingi inapita hapo. Piga hesabu na reti ya soo na finje: ni ngiri 75. Na hiyo munde Kileleshwa unaingia na lifti. Ukishindwa unachukua posto letto, kitanda tu, kwa rum ya wawili, na unaomba Mungu mwenzako asikuwe wa kukoroma. Vyumba mingi za katikati ya tao zimegeuzwa za watalii wa wikendi, na hiyo ndiyo imeharibu soko. Mei 2023 dem mmoja wa chuo Milano alipiga hema nje ya shule yake kulia renti, na haikuchukua time mahema yakatokea tao zingine, Bologna ikiwemo.

So nikuchanue. Usitume dipositi kwa keja haujaona. Konmeni wa huko wako na stori ile ile ya wetu: keja ni safi, picha ni nare, bei ni ya chini, lando "ako nje ya nchi" na atakutumia funguo kwa posta ukishatuma pesa. Zii. Lipia hosteli wiki moja, mbili, uzunguke na miguu. Mabango ya keja bado yanabandikwa kwa kuta za Via Zamboni, mtaa wa chuo wenyewe, na vikaratasi vya namba za simu za kurarua chini. Uliza pia kama spese (bili) ziko ndani ya renti, juu winta gesi ya kupasha nyumba joto itakutoa machozi. Kontrakti iwe imesajiliwa. Lando akikuambia mfanye mambo "in nero", anamaanisha bila kontrakti, na hapo kushtaki inakuwa ngumu.

Makaratasi nitapita haraka, ni boring lakini hayakwepeki. Kama unakaa zaidi ya siku 90, ndani ya siku 8 za kazi tangu ufike unafaa kuwa umepeleka maombi ya permesso di soggiorno, yaani kibali cha kukaa. Unachukua kit posta, unajaza, unabandika stempu ya euro 16 inaitwa marca da bollo (inauzwa kwa duka za sigara, usiniulize kwa nini), unarudisha, unapewa risiti na tarehe ya kupigwa alama za vidole. Hiyo risiti ndio kipande chako kwa muda, na muda unaweza kuwa mrefu. Toa kopi tatu. Karao akikusimamisha Piazza Verdi usiku, na wewe ni mweusi so hiyo si ngumu kutokea, ukuwe na kitu ya kuonyesha.

Dishi sasa. Ukiitisha spaghetti bolognese Bologna, weita atakuangalia na huruma. Hapo ragù, ile sosi ya nyama, inaendanga na tagliatelle, na wako siriasi hadi 1982 walipeleka resipe rasmi ikahifadhiwa kwa chemba ya biashara ya tao. Kama wewe ni wa Mombasa na hugusi nguruwe, macho wazi: mortadella ni nguruwe, ndani ya tortellini kuna nguruwe, na hiyo ragù rasmi iko na pancetta. Uliza kwanza. Msee wa Malindi ama Watamu hapa ako mbele yetu wote, juu Kiitaliano alishaokota kwa beach na Waitaliano wenye wamejaa huko, so atauliza na lafudhi hadi weita aitishe kiti.

Ukishikwa na nyege za ugali, unga ya polenta ya kawaida ni ya manjano na iko na chembe, itakuangusha. Tafuta ya mahindi meupe, iliyosagwa laini, inaandikwa fioretto. Sukuma haiko, lakini cavolo nero iko, na ukiikatakata nyembamba na kitunguu na nyanya roho inatulia. Upande wa Bolognina, nyuma ya stesheni, kuna maduka ya wasee wa Afrika na Asia, pilipili ya ukweli inapatikana huko.

Jioni kuanzia kama saa moja, wasee wanateremka kwa aperitivo, yaani kinywaji cha kabla ya dinner. Kama uko na chapaa kidogo, jua kuna Osteria del Sole, iko tangu 1465 na haipiki kitu. Unakuja na dishi yako kwa karatasi, unawekelea kwa meza, unanunua kinywaji tu. Mazee, hiyo ni biashara inaheshimu msee amesota.

Darasa ya saa tatu inaanzanga saa tatu na robo, na hiyo robo ni halali, iko na hadi jina: quarto d'ora accademico. Hapo Mkenya anaskia yuko nyumbani. Penye anashtuka ni mtihani. Mingi ni ya mdomo. Unakaa mbele ya lekchara, wasee wengine wako nyuma wanaskiza wakingoja zamu, anakuambia tu "bonga kuhusu hii kitu" na ananyamaza. Mwakenya yako imekufa hapo, utaifungulia wapi? Sisi tumelelewa kwa kuandika, pointi tano, mstari chini ya kila moja. Huko lekchara anataka kuona kama unaweza shika hoja moja uibebe mpaka mwisho, akikukatiza uruke naye, ukikosea ujirudishe. Anza kupractice na mabeshte chini ya portici wiki mbili kabla, kila mtu anafanyanga hivyo, utaskia watu wakijibizana sheria za Warumi na sandwichi mkononi.

Maksi ni juu ya 30. Kupita ni 18. Ukiua kabisa ni 30 e lode. Na hapa ndio ile nguvu ya wasee wa kampo imebaki kidogo: lekchara akikupea 22 na unaskia ulistahili 27, mara mingi unaruhusiwa kukataa. Unamwambia hapana asante, anafuta, unarudi kwa appello ingine, yaani siku ingine ya mtihani. Waitaliano hukataa maksi bila aibu, utaona msee anakataa 26 na wewe unashika kichwa. Lakini wao wako kwao. Kama ndege yako ya Nairobi ni tarehe 3 na hiyo appello ingine ni tarehe 17, chukua hiyo 22, sema grazie, na uende ukapakie.