TTF-1: Alama ya Mapafu Ndani ya Saratani

Uvimbe umeonekana kwenye ubongo wa mgonjwa, na madaktari wanataka kujua kwanza saratani hiyo ilianzia wapi. Kipande kidogo cha nyama hukatwa, hutiwa kingamwili maalumu, kisha hutazamwa kwa darubini. Viini vya seli vikionekana vya kahawia, shaka kubwa huelekea kwenye mapafu au tezi ya thairoidi. Kinachosakwa ni protini iitwayo TTF-1, inayotokana na jeni ya NKX2-1.

TTF-1 ni ya ukoo wa protini za homeoboksi. Homeoboksi ni kipande cha jeni chenye herufi 180 za kinasaba, kilichogunduliwa kwa nzi wa matunda mwanzoni mwa miaka ya 1980, miongoni mwa wagunduzi wakiwa watafiti wa maabara ya Walter Gehring mjini Basel, Uswisi. Protini zenye kipande hicho hushika DNA na kuwasha au kuzima jeni nyingine.

Mtoto akiwa tumboni, TTF-1 husimamia ujenzi wa mapafu. Mwaka 1996 ilibainika kwamba panya wasio na jeni hiyo huzaliwa bila thairoidi, mapafu yao hayajakamilika, nao hufa papo hapo. Kwa mtu mzima mwenye afya, protini hii huendelea kufanya kazi katika seli zinazotengeneza surfaktanti, utelezi unaozuia vifuko vya hewa kunywea tunapotoa pumzi.

Saratani ikizuka, alama hiyo mara nyingi hubaki. Takriban adenokasinoma (saratani za seli za tezi) tatu kati ya nne za mapafu huwa nayo. Saratani ya aina ya skwamasi (ya seli bapa) kwa kawaida haina. Tofauti hii huamua tiba, kwani dawa ya pemetreksedi hutumika kwa adenokasinoma, si kwa skwamasi.

Lakini je, protini hii huichochea saratani au huizuia?

Yote mawili yameonekana. Mwaka 2007 watafiti waligundua kuwa baadhi ya adenokasinoma zina nakala za ziada za NKX2-1, na seli zake huitegemea ili ziishi. Mwaka 2011, majaribio ya panya yalionyesha kuwa uvimbe ukiipoteza protini hiyo huwa mkali zaidi na husambaa. Kwa binadamu pia, wagonjwa wa adenokasinoma isiyo na TTF-1 kwa jumla huwa na matarajio hafifu zaidi.

Ndiyo maana jibu la "hasi" haliyaondoi mapafu kwenye orodha ya washukiwa. Mwanapatholojia hupima alama nyingine, kama p40 inayoashiria skwamasi, na kuyalinganisha majibu hayo na picha za kifua kabla ya kuandika ripoti.