Mzio wa Usiku Huanzia Godoroni

Kiangazi kikikaza huko Kinanie, si mbali na viwanda vya saruji vya Athi River, lori moja likipita barabara ya vumbi hutosha kuchafua nguo zote zilizoanikwa. Basi mtoto wa miaka miwili akianza kupiga chafya usiku, lawama huenda kwa vumbi la nje au kwa baridi, naye huongezewa blanketi.

Blanketi hilo huenda likamzidishia. Ndani yake, na ndani ya godoro, huishi utitiri wa vumbi, viumbe wa ukoo wa kupe wasioonekana kwa macho, ambao hula magamba ya ngozi ya binadamu. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliuhusisha na mzio mwaka 1964. Kinyesi chake kikivutwa puani, mwili wa mtoto mwenye mzio humwaga histamini, pua huvimba, na akilala kamasi huteremka kooni. Hapo kikohozi huanza.

Mama makini atauona mzio kwenye kiganja cha mtoto: anakisugua puani kutoka chini kwenda juu, tena na tena. Hana homa. Kamasi ni jepesi kama maji, na tofauti na mafua, haliishi baada ya wiki moja au mbili.

Kinanie ina dawa ya bure, nayo ni jua. Utitiri hufyonza unyevu wa hewani, kwa hiyo ukavu huudhoofisha. Godoro lianikwe, shuka na blanketi zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, mwanasesere wa manyoya aondolewe kitandani, na sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo isiwashwe chumbani: utafiti wa mwaka 2003 uligundua kuwa koili moja hutoa chembe laini za moshi sawa na za sigara 75 hadi 137. Neti inatosha.

Sharubati ya Piriton, dawa ya mzio, humlaza mtoto, lakini utitiri hubaki pale pale. Aliye chini ya miaka miwili asipewe bila ushauri wa daktari.

Ili kutambua dalili za hatari, mtoto akilala, mzazi ahesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, zikifika 40 au zaidi, au kifua kikibonyea ndani au kutoa mlio kama filimbi, apelekwe hospitali usiku huohuo.