Fahamu: Ramani ya Jimbo la Mpaka wa Kaskazini

Kila izukapo khitilafu baina ya Kenya na Somalia, hukunjuliwa tena ramani ya Jimbo la Mpaka wa Kaskazini, maarufu kwa herufi NFD, lililojumuisha Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo.

Katika ramani zilizochorwa kabla ya 1925, mpaka wa Waingereza na Wataliani hufuata Mto Juba. Lakini mwaka huo Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland pamoja na bandari ya Kismayu, na mstari ukasogezwa magharibi, ukawagawa watu wa kabila moja, wenye malisho na visima vya shirika, wakawa raia wa dola mbili.

Tume ya 1962 ilibaini kwamba Wasomali wa huko, walio wengi, walitaka kuungana na Somalia. Waingereza wakaamua kuunda mkoa mpya ndani ya Kenya, na vikafuata vita vya Shifta, vya wapiganaji waliotaka kujitenga na Kenya, hata yalipopatikana mapatano ya Arusha baina ya Kenya na Somalia ya Oktoba 1967, kwa usuluhishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia.

Basi, msomaji, uonapo ramani hiyo, tazama kwanza tarehe yake. Na ukumbuke kwamba hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya 2021, baina ya Kenya na Somalia, ilihusu mpaka wa bahari, wala haikuubadili mpaka wa bara.